Kampuni ya Kahawa Ikija na Msaada, Iulizeni Kuhusu Januari

Kwa miaka sita nilikuwa katibu wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Mbozi, Tanzania, na katika kipindi hicho nilikaa meza moja na wawakilishi wa kampuni kadhaa zilizotaka kununua kahawa yetu na, kwa maneno yao, kuisaidia jamii. Ninawaandikia viongozi wa vyama na familia za wakulima wa Mbozi, Ileje, Rungwe na Mbinga, kwa sababu makosa tuliyoyafanya sisi yanaweza kuepukwa.

Kampuni ya kwanza ilituchimbia kisima kirefu chenye pampu ya umeme wa jua. Tulishangilia, tukacheza ngoma, tukapiga picha. Mwaka wa tatu pampu ilikufa, kampuni ilikuwa imeshahamia kwa wakulima wengine, hapakuwa na fundi aliyefundishwa wala akiba ya kununulia vipuri, na kina mama wakarudi kuchota maji katika kijito kilekile kinachopokea maji machafu ya mtambo wetu wa kumenya kahawa. Leo ningeanza na kijito hicho. Ningeiomba kampuni igharamie mashimo ya kupokea maji ya kuoshea kahawa kabla ya kuniahidi kisima, kwa maana uchafu ule ulitoka katika kahawa tuliyoiandaa kwa ajili yake.

Hata hivyo, jambo lililoziumiza familia zetu kuliko maji ni kalenda. Kahawa yetu huchumwa kuanzia Mei au Juni hadi Septemba hivi, fedha huingia katika miezi hiyo na michache inayofuata, kisha shule hufunguliwa Januari. Ingawa ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa tangu 2016, sare, madaftari, godoro la bweni na mchango wa chakula bado ni mzigo wa mzazi, na vyote huja wakati uleule ambapo mvua zinanyesha na miti inadai mbolea. Hapo ndipo mkulima anapouza kahawa ikiwa bado kijani mtini kwa bei ya kutupa, biashara ambayo wenzetu wa Mbinga wanaiita magoma. Jirani yangu aliuza hivyo misimu miwili mfululizo ili binti yake aripoti kidato cha kwanza na baadaye asirudishwe nyumbani. Shamba lilikuwa lake, lakini mavuno yalikuwa ya mtu mwingine. Darasa jipya lililojengwa kwa msaada halikumfaa kitu mzazi huyo.

Kwa hiyo, kampuni inapokuja, iulizeni kwanza italipa lini. Tulipofika kwa mnunuzi wa tatu tuliomba malipo ya pili, yale yanayofuata malipo ya awali ya kahawa, yagawanywe, sehemu yake ilipwe wiki ya mwisho ya Desemba, na mbolea ikopeshwe kupitia chama na kukatwa msimu unaofuata. Walikubali bila ubishi mkubwa, jambo lililonisikitisha nilipofikiria miaka tuliyokaa bila kuuliza. Tuliomba pia miche chotara inayostahimili chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na kutu ya majani, ile iliyotokana na utafiti wa TaCRI, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, ambayo ina kituo chake hapa Mbimba. Mche huchukua takribani miaka mitatu kuzaa, basi mkataba wa mwaka mmoja haumfai mpandaji.

Kama chama chenu kimethibitishwa na Fairtrade, mfumo wa kimataifa wa biashara ya haki, fahamuni kwamba mnunuzi hulipa, juu ya bei, nyongeza ya senti 20 za dola kwa kila pauni ya kahawa safi, yaani iliyokwisha kukobolewa, na angalau senti 5 kati ya hizo zinapaswa kuinua tija na ubora. Kontena moja la tani 19 huleta zaidi ya dola 8,300. Fedha hizo ni jasho lenu, na wanachama ndio wanaoamua matumizi yake katika mkutano mkuu. Msikubali mtu yeyote azitangaze kuwa zawadi yake, na msiruhusu bodi ya chama izipangie matumizi kabla ya kikao.

Katika kikao hicho hakikisheni wanawake wapo, tena si kwa kuketi nyuma. Wao ndio wanaochuma, wanaochambua na kugeuza kahawa kwenye vichanja, ilhali daftari la chama mara nyingi lina jina la mume peke yake. Sisi tulibadilisha fomu ya uanachama ili mke na mume waandikwe wote na malipo yaingie katika akaunti ya pamoja. Wazee wawili walijitoa kwa hasira, na mmoja alirudi msimu uliofuata.

Mazungumzo haya yafanyeni Machi au Aprili, kabla ya tunda la kwanza kuiva, kwa sababu kahawa mbivu ikishajaa mtamboni inapaswa kumenywa siku hiyohiyo, na hapo chama hakina tena nafasi ya kukataa. Tarehe ya malipo ya Desemba iandikwe ndani ya mkataba wenyewe, pamoja na jina la atakayetunza kila kitakachojengwa, na nakala ibandikwe ukutani pale mtamboni ambapo kila mwanachama ataisoma.