Bei tatu kwa nyumba moja: nimwamini fundi yupi?

Swali: Nyumba yetu iliyopo Tabata, Dar es Salaam, ilijengwa mwaka 1994. Paa linavuja, nyaya za umeme zimechakaa, na bafu la ndani linapitisha unyevu hadi kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Nimewaita mafundi watatu, nao wamenipa bei za shilingi milioni 9, milioni 14 na milioni 15.5. Huyu wa milioni 9 anataka alipwe asilimia 70 kabla ya kuanza ili akanunue vifaa. Nitamtambuaje aliye wa kuaminika?

Jibu: Kabla ya kumchagua mtu, zifanye kwanza bei hizo zilinganishike, kwani kwa jinsi zilivyo sasa huwezi kujua unalinganisha nini na nini. Mafundi watatu waliotembezwa ndani ya nyumba moja bila karatasi ya kazi huondoka na kazi tatu tofauti vichwani mwao: mmoja amehesabu kuziba matundu na kubadilisha mabati machache, mwingine amehesabu kuezua paa lote na kuondoa kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zilizoliwa na mchwa, na wa tatu ameingiza hata rangi. Kama mkadiriaji majenzi, nimeona ugomvi mwingi wa wenye nyumba na mafundi ukianzia hapo hapo, hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kumdhulumu mwenzake.

Andika basi orodha ya kazi, chumba kwa chumba, pamoja na vipimo. Taja mita za mraba za bati na geji yake (geji 28 ni nene kuliko geji 30, ingawa namba yake ni ndogo, na tofauti hiyo peke yake inatosha kuibadili bei ya paa). Taja kwamba mbao za kenchi na za papi (zile zinazopigiliwa mabati) ziwe zimetiwa dawa. Taja nyaya za milimita za mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi; andika pia nani atakayeondoa kifusi. Wape wote watatu karatasi ileile, na uwaombe watenganishe gharama ya vifaa na ya ufundi katika kila kipengele. Yule wa milioni 9 akipandisha bei, utajua alichokuwa amekiacha. Akibaki palepale, mwambie akuonyeshe kipengele kwa kipengele alikopunguzia.

Kuhusu asilimia 70, ushauri wangu ni kwamba usiitoe. Nenda naye dukani, lipa wewe mwenyewe, na udai risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) yenye jina lako. Ufundi ulipwe kwa hatua, kila hatua baada ya kazi kukaguliwa.

Upande wa sheria hauhitaji maelezo marefu. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, huwapanga makandarasi wa majengo katika madaraja saba, la kwanza likiwa la juu kabisa. Hakiki usajili kwa Bodi yenyewe badala ya kutegemea nakala ya cheti, na uhakikishe kwamba jina lililosajiliwa ndilo lililo kwenye mkataba na kwenye akaunti utakayoilipa. Fundi umeme awe na leseni ya EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Kazi ikigusa kuta zinazobeba jengo au ikiongeza vyumba, ulizia kibali cha ujenzi katika halmashauri yako. Hata hivyo, cheti hakikuonyeshi ubora wa mkono wa mtu, na hapo ndipo ninapokuomba utumie muda wako mwingi zaidi.

Mwombe kila mmoja akupeleke kwenye nyumba mbili au tatu alizozikarabati na ambazo zimeshapitia angalau masika moja. Picha za kwenye simu hazitoshi. Ukifika, tazama dari, hasa pembeni mwa kuta, uone kama kuna madoa ya manjano ya maji. Bafuni, mimina maji sakafuni uone kama yanaelekea yenyewe kwenye tundu au yanatuama kwenye kona, kisha gongagonga vigae kwa sarafu: kigae kinacholia kama kitu chenye uwazi chini yake hakikushikwa vizuri na saruji. Halafu zungumza na mwenye nyumba fundi akiwa hayupo, umwulize kama fundi huyo alirudi alipoitwa kurekebisha kasoro. Mimi jibu la swali hilo nalithamini kuliko cheti chochote.

Bafu lako linahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa ubovu wake utafichwa na vigae. Katika mkataba, weka sharti kwamba baada ya tabaka la kuzuia maji kukauka, tundu la sakafu litazibwa, maji yatajazwa kwa kina cha sentimita chache, usawa wake utawekewa alama ya penseli ukutani, na yataachwa kwa saa 24. Maji yakishuka kupita alama kwa kiasi kinachoonekana, au ukuta wa chumbani ukilowa, vigae visibandikwe na malipo ya hatua hiyo yasitolewe.

Mkataba huo uambatane na orodha ya kazi, uonyeshe muda na hatua za malipo, na useme kwamba hakuna kazi ya ziada itakayolipwa kama bei yake haikukubaliwa kwa maandishi kabla haijafanyika. Mnaweza kuusaini mbele ya mashahidi katika ofisi ya serikali ya mtaa. Zuia asilimia 10 ya malipo ya ufundi kwa miezi sita, ili paa lijaribiwe na mvua.

Ukiweza kusubiri, anza mwezi Juni masika yakiisha: paa kwanza, kisha nyaya na bafu, na mwisho dari na rangi. Dari lisifungwe kabla fundi umeme mwenye leseni hajazipima nyaya zote na kukukabidhi matokeo kwa maandishi.