Maswali na majibu: Gari kuukuu na spana za nyumbani

Corolla yangu ya mwaka 1998 imepita kilomita 320,000. Kwenye foleni za Arusha mshale wa joto hupanda, lakini nikiwa njiani kwenda Moshi hautikisiki. Fundi anataka aitoe thamostati, ile valvu inayozuia maji yasipite kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Nimruhusu?

Usimruhusu. Gari likiwa mwendoni, upepo hulipoza rejeta bila msaada, ila kwenye foleni kazi hiyo hubaki kwa feni peke yake, kwa hiyo anza na feni. Acha injini iungurume gari likiwa limesimama hadi ipate joto, kisha tazama kama feni inaanza kuzunguka. Isipozunguka, kagua fyuzi, rilei, swichi ya joto na waya zake kabla ya kununua mota. Ikizunguka vizuri, mulika tochi kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, kwani vumbi na wadudu hugandamana hapo pasipoonekana kwa mbele. Thamostati ikiondolewa, injini hukawia kupata joto lake la kazi, ikala petroli zaidi na kuchakaa upesi, na ugonjwa ukabaki palepale.

Injini ikishapoa kabisa, angalia pia mpira wa kifuniko cha rejeta. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji matupu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya injini ni mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko hicho, pamoja na kulanti, kimiminika maalumu cha kupozea, ambacho wengi wetu tumezoea kuweka maji ya bomba badala yake.

Injini yangu ya VVT-i (mfumo wa Toyota unaobadilisha wakati wa kufunguka kwa valvu) inakula oili karibu lita moja kila kilomita 1,500. Nihamie oili nzito?

Tazama moshi kwanza. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi wakati wa kuwasha na kutoweka baada ya muda mfupi huashiria sili za valvu, ilhali ule unaotoka unapokanyaga mafuta mlimani huashiria ringi za pistoni. Kabla ya kufikiria kufungua injini, chomoa valvu ya PCV, ile ndogo inayorudisha mvuke wa oili ili uchomwe, na uitikise karibu na sikio: ikigongagonga ndani bado inafanya kazi, ikinyamaza imeziba, na spea yake ni ya bei ndogo. Kutoka oili nyepesi ya 5W-30 kwenda 10W-40 ni hatua ya kiasi, lakini 20W-50 siipendekezi, kwa kuwa VVT-i hutegemea oili ipite haraka kwenye vijia vyembamba. Kwa maoni yangu, mtu anayepima oili kila wiki na kuongeza inayopungua anaweza kuendelea hivyo kwa muda mrefu bila kuingia gharama ya ovahoo.

Mkanda wa taimingi wa Probox yenye injini ya 1NZ-FE hubadilishwa lini?

Injini hiyo haina mkanda. Ina cheni, na inayoitunza ni oili inayobadilishwa kwa wakati. Mwenye Corolla ya 5A-FE ndiye anayepaswa kubadilisha mkanda, kila baada ya kilomita 100,000 hivi.

Naweza kubadilisha pedi za breki za mbele mwenyewe?

Unaweza, mradi gari likae juu ya stendi za chuma, si juu ya jeki wala mawe. Unapoirudisha pistoni ndani, chungulia kikopo cha mafuta ya breki kisije kikafurika na kuharibu rangi. Ukimaliza, kanyaga pedali mara kadhaa kabla ya kuliondoa gari, kwa sababu mkanyago wa kwanza huzama hadi sakafuni bila kushika chochote.