Sindano ya Testosteroni Wakati Mnatafuta Mtoto

SWALI: Daktari, pokea salamu. Nina miaka 33 na nabeba vyuma jimu. Tangu mwaka jana nachoka upesi, na hamu ya tendo la ndoa imepungua. Mwenzangu wa mazoezi ananishawishi nidungwe testosteroni kila wiki. Mimi na mke wangu tunatafuta mtoto. Je, itatusaidia?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, usikubali. Sindano hiyo yaweza kukufungia njia ya kupata mtoto.

Testosteroni, homoni ya kiume, hujenga misuli, huimarisha mifupa, huchochea hamu na utengenezaji wa chembe nyekundu za damu. Nyingi hutoka kwenye korodani, kwa amri ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Tezi hiyo hutoa homoni mbili: LH, inayoziamuru korodani zitengeneze testosteroni, na FSH, inayosaidia mbegu kukomaa. Ukidungwa ya nje, ubongo huona imetosha na amri zote mbili hukatika. Damuni kiwango kitasoma juu, lakini ndani ya korodani, panapohitajika testosteroni nyingi kupita ya damuni, kitaporomoka. Korodani husinyaa, na mbegu zaweza kuisha kabisa. Ukiacha, kwa wengi hurudi baada ya miezi 6 hadi 12. Wengine hukawia zaidi. Isitoshe, damu huweza kuwa nzito: hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikipita 54%, dawa husimamishwa.

Anza na vipimo. Testosteroni hupanda alfajiri, kwa hiyo tolewa damu kabla ya saa nne asubuhi, hujala kitu, na usiende ukiwa na malaria au homa. Kikisoma chini, rudia siku nyingine. Kipimo kimoja hakitoshi kukuanzishia dawa. Kikibaki chini, pimwa LH, FSH na prolaktini, homoni nyingine ya pituitari. LH ikiwa juu, hitilafu iko kwenye korodani. Ikiwa chini, tatizo liko kwenye tezi ya pituitari au ubongo. Uchovu wako pia waweza kutokana na sukari, upungufu wa damu, tezi ya shingo au kukosa usingizi, basi navyo vichunguzwe.

Pima shahawa pia, baada ya kujizuia siku 2 hadi 7. Sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, na kwa foleni ya Jogoo Road ni heri uitolee hukohuko kliniki. Mkeo naye achunguzwe wakati huohuo.

Testosteroni ikithibitika kuwa chini, mweleze daktari waziwazi kwamba mnataka mtoto. Zipo dawa, kama klomifeni au hCG, zinazoweza kuziamsha korodani zenyewe bila kuzima mbegu.