Anivesari kwenye hoteli kubwa ya mjini: chukua usiku mbili chumba cha kawaida, achana na suiti

Mkuu hongera kwanza kwa miaka kumi ya ndoa, wewe na shemeji. Nimekusoma vizuri, umeuliza mambo matatu: hela uliyonayo inatosha suiti (kile chumba kikubwa chenye sebule yake) usiku mmoja au chumba cha kawaida usiku mbili kwenye hoteli ileile, uchukue ipi, halafu umwambie shemeji au iwe sapraizi, na la mwisho mtafanya nini humo ndani wikiendi nzima bila kuboreka. Mimi na mke wangu hili jambo ndo utaratibu wetu wa anivesari, tunalipenda kwelikweli, kwaiyo ntajibu kwa urefu kidogo univumilie.

Chukua usiku mbili.

Piga hesabu ya masaa kwanza kabla hujaangalia picha za vyumba. Hoteli nyingi wanakupa chumba kuanzia saa tisa mchana na wanakitaka saa tano au saa sita mchana kesho yake, kwaiyo usiku mmoja ni masaa 20 au 21, tena hapo uwe umefika mlangoni dakika ileile saa inapogonga. Toa masaa ya kulala, toa kuoga na kuvaa, toa foleni ya mapokezi, toa lile lisaa la asubuhi ambalo mtu anakunywa chai huku anaangalia saa na mwingine yuko juu anafunga begi, kinachobaki ni jioni moja tu na jioni yenyewe bado mna uchovu wa wiki nzima ya kazi. Sasa usiku mbili inakupa siku nzima katikati ambayo hamjafika leo na hamuondoki leo. Mnaamka na hakuna kitu kinawakimbiza. Hiyo siku ya katikati ndo anivesari yenyewe mkuu, mambo yote mazuri yaliyotutokea kwenye hizi safari zetu yametokea siku hiyo, na haipo kwenye usiku mmoja hata ukilipia chumba cha rais.

Afu hiyo suiti unaenda kufanyia nini? Watu wawili mliooana mtakaa kitandani na kwenye kiti cha dirishani, sebule yake itawekewa mabegi. Hoteli kubwa za namna hii sebule yake ni lobi, zile dari ndefu, makochi, maua, mtu anapiga piano jioni, na lobi haiulizi umelipia chumba gani. Bwawa lilelile, kifungua kinywa kilekile, wale wahudumu walewale wanakuita kwa jina. Ndo maana nasema chumba kidogo kwenye hoteli kubwa kweli kinashinda chumba kikubwa kwenye hoteli ya kawaida, maana unachonunua ni nyumba nzima.

Ila chumba cha kawaida kisikufanye ulale popote wanapokutupa. Kwanza usidanganyike na majina, "deluxe" na "superior" kwenye hoteli nyingi ndo ngazi ya chini kabisa, wewe angalia mita za mraba na uangalie kitanda kimeandikwaje, kama ni kimoja kikubwa au viwili vinavyosogezwa vikaungana, maana vile vya kuungana vina mfereji katikati na anivesari gani hiyo mnalala kila mtu upande wake wa mto. Pili, siku tatu nne kabla hamjaenda waandikie imeili hoteli yenyewe au uwapigie, uwaombe mambo haya kwa upole: chumba kiwe mbali na lifti, kiwe mbali na stoo ya wahudumu wa usafi, kisiwe na ule mlango wa ndani unaounganisha na chumba cha jirani (sauti zinapita hapo kama hakuna mlango kabisa), na kiwe ghorofa ya juu. Zamani kabla ya lifti ghorofa za juu ndo zilikuwa za bei rahisi, nani apande ngazi zote hizo na mizigo, mpaka miaka ya 1850 Elisha Otis alipowaonyesha watu wa New York lifti ambayo haidondoki hata kamba ikikatwa, ndo taratibu huko juu kukageuka kwa wenye hela. Siku hizi mara nyingi kwa chumba cha daraja lilelile bei haibadiliki kwa ghorofa, ni kuomba tu, na juu kelele za barabarani zinapungua sana.

Kwenye hiyo imeili taja kwamba ni anivesari ya miaka kumi. Usidai kitu. Taja tu. Watu wa hoteli wanapenda kuwa sehemu ya furaha ya wageni, mara nyingine utakuta kadi imeandikwa kwa mkono, mara nyingine wanakupa chumba kizuri zaidi kama kipo wazi, mara nyingine hakuna kitu na bado wikiendi inakuwa nzuri.

Swali moja ambalo watu hawaulizi na mimi nakusihi uliulize: usiku huo kwenye ukumbi kuna harusi au kongamano? Hoteli kubwa za mjini zinaishi kwa kumbi. Sisi iliwahi kutukuta, chumba kizuri, kila kitu kizuri, kumbe ghorofa mbili chini yetu kuna sherehe na spika mpaka usiku wa manane, mapokezi wakatuhamisha lakini usingizi ulishakatika. Ukiuliza mapema wanakuambia ukweli na wanakupangia upande mwingine wa jengo.

Hela sasa. Hili limewaharibia watu wengi siku ya kwanza. Ukifika mapokezi watakuomba kadi ya benki hata kama chumba umeshalipia chote, wanashikilia kiasi fulani kama dhamana ya vitu utakavyotumia. Kama ni kadi ya mkopo hausikii kitu, ila kama ni kadi ya kawaida inayotoa hela kwenye akaunti yako moja kwa moja, hiyo hela inafungwa hapohapo na baada ya kuondoka inaweza kukaa siku kadhaa kabla benki haijaiachia. Kwaiyo ulizia kabla ni kiasi gani na uwe nacho pembeni, usije ukasimama pale mbele ya shemeji kadi inakataa wakati wewe hela unayo. Ulizia pia kama bei uliyoona ina kodi na ada ya huduma ndani, na kama kifungua kinywa kimo. Na yale makopo ya kwenye friji ndogo usiyasogeze kuweka vya kwenu, friji nyingine zina vihisio, ukitoa kopo tu bili inaandika. Maliza mambo yote ya hela ukiwa peke yako kabla hamjafika, ili humo ndani neno bei lisitajwe tena.

Kuhusu sapraizi. Mkuu mwambie. Najua unataka kuona uso wake akiingia lobi, lakini mwanamke (na mwanaume pia, tusidanganyane) anayepelekwa mahali bila kujua anakaa siku nzima kichwa kinazunguka, watoto wako na nani, nguo gani, nywele je, kesho kuna kikao cha shule. Mke wangu mwenyewe aliwahi kuniambia kwamba ile wiki ya kusubiri ndo nusu ya starehe yake, anachagua gauni, anawaeleza wadogo zake, anahesabu siku. Ukimficha unamnyang'anya hiyo wiki. Mwambie tarehe, mwambie hoteli, watoto wapangieni wote wawili wanaenda kwa bibi yao au kwa nani, halafu ficha kitu kimoja kidogo tu ndani ya hiyo wikiendi. Barua kwa mfano. Ya mkono, karatasi mbili, mambo ya miaka kumi unayoyakumbuka wewe na pengine yeye hajui kama unayakumbuka. Hiyo mpe siku ya katikati asubuhi, sio usiku wa kwanza, usiku wa kwanza mmechoka.

Sasa mtafanya nini. Kosa ninaloliona kwa watu ni kuigeuza hoteli kuwa stendi, wameilipia hela nyingi halafu saa mbili asubuhi wako barabarani, makumbusho, maduka, rafiki wa zamani anayeishi mji huohuo, saa tatu usiku wanarudi miguu inauma wanazima taa. Hoteli ya namna hii ni ya kukaa, mji upo siku zote. Sisi tunajiruhusu kitu kimoja tu nje kwa siku na chenyewe kiwe cha kutembea kwa miguu.

Siku ya kwanza msipange kitu. Fikeni, ogeni, mle hapohapo hotelini hata kama nje kuna mgahawa unasifiwa, mlale mapema. Na taa za chumba usiwashe zote mkuu, zima zile za darini bakiza za pembeni ya kitanda, hili linaonekana dogo ila linabadilisha chumba kizima. César Ritz, yule Mswisi aliyefungua hoteli yake Paris mwaka 1898, inasimuliwa kwamba alimkalisha mke wake Marie masaa mengi huku fundi umeme anabadilisha kava za taa rangi baada ya rangi, mpaka wakapata ile inayompendeza mtu usoni. Mtu mwenye hoteli yake mwenyewe alijua watu wawili wanahitaji mwanga wa namna gani, wewe ukitumia swichi tu umeshafaidi kazi yake.

Siku ya katikati chelewa kifungua kinywa, nenda kwenye lile lisaa la mwisho watu wamepungua, kaa. Kama kuna spa weka nafasi mapema kwa sababu wikiendi zinajaa. Mchana laleni. Na alasiri shukeni lobi mkae kwenye kochi moja, simu ziwe chumbani, mmoja wenu aachie tu namba ya hoteli kwa anayekaa na watoto ili roho itulie. Hapo ndo sisi tunafanya kitu ambacho nakushauri kwa moyo wote: kila mmoja anamweleza mwenzake mwaka ulivyokuwa kwake. Sio mipango, sio ada wala ujenzi, ulivyokuwa kwake yeye. Mwaka ambao mama mkwe alikuwa anaumwa tulikaa hivohivo, mke wangu akaniambia kwamba miezi yote ile alikuwa anaogopa kulala kabla yangu kwa sababu simu ikilia usiku alitaka aipokee yeye, ili mimi nisiwe mtu wa kwanza kumwambia habari mbaya. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja na mimi hilo sikulijua. Nyumbani asingelisema, nyumbani kuna sufuria jikoni na mtoto anaita na taarifa ya habari. Pale hakukuwa na kitu kinamsubiri, na alijua kesho yake bado tupo. Ukiniuliza kwa nini nalipia hoteli wakati nna kitanda kizuri nyumbani, jibu langu ni ile alasiri.

Jioni ya siku hiyo vaeni. Hata kama mnashuka ghorofa chache tu kwenda kula, vaeni kama mnaenda mbali. Kama mnataka kula nje muulize yule mhudumu wa lobi ambaye kazi yake ni kuwapangia wageni mambo ya mjini, kwenye hoteli nyingine utamuona ana vifunguo viwili vya dhahabu vimepishana kwenye kola ya koti, hiyo ni alama ya chama chao kilichoanzia Ufaransa mwaka 1929 na hawavai hovyo. Mwambie ukweli, bajeti hii, tunataka mahali patulivu tunaposikiana, atakupa jibu zuri kuliko nyota za kwenye intaneti. Na bakshishi kama mnatoa, usimsahau anayetandika kitanda, huyo hamumuoni lakini ndo amewafanyia kazi kubwa kuliko wote.

Siku ya kuondoka omba kuongezewa muda, ila omba jana yake jioni, sio asubuhi ileile, maana jioni wanakuwa wameshaona vyumba vingapi vinaingiwa kesho. Wakikataa basi, acheni mabegi kwa wabeba mizigo na mrudi lobi, hakuna atakayewafukuza, mkiondoka saa kumi jioni mmeongeza masaa bure.

Kitu cha mwisho kuhusu siku zenyewe, nimeona umeandika Ijumaa na Jumamosi. Angalia hoteli yenyewe inaishi kwa wateja gani. Kama ni ya watu wa kazi, wale wa mikutano na mabegi ya laptop, wikiendi wanaondoka na bei inashuka, na usiku wa Jumapili mara nyingi ndo unakuwa rahisi kuliko wote kwa sababu wa matembezi wameshaondoka na wa kazi bado hawajaja. Kama mnaweza wote wawili kupata ruhusa Jumatatu kazini, ulizia bei ya Jumamosi na Jumapili kabla hujalipia hiyo Ijumaa, tofauti mnaweza kulipia hiyo spa.