Ukuta ukilowa kila masika, kagua bomba la gata kuanzia chini

Doa la kijani linaloshuka nyuma ya bomba linaloshusha maji ya gata, yaani mfereji wa ukingo wa paa, rangi inayobanduka kwenye kona ya nyumba, unga mweupe wa chumvi unaochomoza kwenye plasta karibu na msingi. Wenye nyumba wengi wakiyaona hayo humwita fundi rangi. Fundi anakwangua, anapiga skimu, anapaka rangi ya bei, na masika yakirudi doa nalo linarudi palepale. Mara nyingi ukuta hauna kosa lolote. Kosa liko kwenye bomba la kushushia maji, lile ambalo mafundi huliita dauni paipu, na kwa kawaida ni kosa ambalo mtu mwenye ngazi, msumeno wa chuma na nusu siku anaweza kulimaliza mwenyewe.

Bomba hilo ni jembamba lakini kazi yake ni kubwa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita za mraba 120 ikipata milimita 50 katika siku moja nzito ya Aprili, paa limeteremsha lita 6,000. Kama kuna mabomba mawili, kila moja limepitisha tani 3. Kiungo kimoja kikiwa kimekaa vibaya, sehemu ya tani hizo inapita kati ya bomba na ukuta, mahali palepale, kila mvua inaponyesha.

Mvua inaponyesha ndipo pa kukagua

Chukua mwavuli utoke nje mvua ikiwa imekolea. Bomba lisilo na hitilafu hutoa maji kwa nguvu chini, na viungo vyake vyote ni vikavu kwa nje. Gata ikifurika juu huku mdomo wa chini ukitoa maji kiduchu, kuna kizibo, na bomba lenyewe litakuonyesha kiko wapi. Maji hujaa kuanzia kwenye kizibo kwenda juu, kisha hutokea kwenye upenyo wa kwanza yanaoukuta. Kwa hiyo tafuta kiungo cha chini kabisa kinachovuja. Kizibo kiko chini yake. Kama hakuna kinachovuja, gonga bomba kwa mpini wa bisibisi ukipanda nalo. Sehemu iliyojaa hutoa sauti nzito, iliyo tupu hulia kama debe. Likilia tupu lote tangu chini hadi juu, basi kizibo kiko kwenye tundu la gata, na hicho ndicho rahisi kuliko vyote.

Wakati wa jua tumia ndoo. Mimina lita 20 kwenye gata, mwisho ulio mbali na bomba, kwa sekunde 20 hivi. Hiyo ni lita 1 kwa sekunde, sawa na mvua ya milimita 100 kwa saa juu ya mita za mraba 36 za paa. Maji yote yanatakiwa kufika chini bila kutuama juu. Bomba likitoa maji vizuri lakini mengine yakibaki kwenye gata, tatizo ni mteremko wa gata, si bomba. Gata inatakiwa ishuke nusu sentimita kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, na hilo hupimwa kwa uzi na pima maji. Kwa macho utajidanganya, maana fisha bodi, ubao unaoshikilia gata, mara nyingi haijanyooka.

Kuzibua bila kuharibu

Kosa la kawaida ni kupanda juu na kusukuma fimbo. Fimbo hushindilia majani yakawa kama gunzi chupani. Vizibo vingi hukaa kwenye elbo ya chini, yaani kile kiungo kilichopinda, kwa sababu hapo ndipo maji yanapopinda na mchanga kutua. Mapaa ya bati zenye chembe za mawe hupukutisha chembe hizo sana mvua za mwanzo baada ya kuezekwa, na zote huishia kwenye elbo hiyo. Juu yake hukamata majani, manyoya, kiota cha shomoro, hata mpira wa watoto.

Anzia chini kwa sababu ya uzito pia. Bomba la inchi 4 hubeba zaidi ya lita 8 kwa kila mita. Likijaa mita 3 ni kilo 25 hivi, na ndiyo maana klipu zinazolishika bomba lililoziba huchomoka ukutani masika yakiwa katikati. Legeza klipu ya chini, simama pembeni, chomoa elbo na uache maji yashuke kwanza. Kisha ingiza waya wa kuzibulia kutoka chini kwenda juu ukiuzungusha, ili uchafu uanguke badala ya kubanwa. Maliza kwa kumimina maji kutoka juu.

Elbo ikiwa imegundishwa na haitoki, usiivunje. Kata bomba sentimita 10 juu yake, kata iwe ya mraba kabisa, halafu rudisha kwa soketi, kipande chenye mdomo mpana cha kuungia, bila gundi. Safari nyingine utaifungua kwa mikono.

Wavu wa kuzuia majani una faida yake, ila uwe na umbo la yai linalosimama ndani ya tundu la gata, wenye matundu ya milimita 10 hivi. Wavu bapa hufunikwa na jani moja tu la mwembe na gata yote inafurika. Na kama nyumba iko chini ya mkrismasi au mvinje, hakuna wavu wa kuutegemea. Vijani vile vidogo hupita popote kisha husokotana ndani. Nyumba hiyo inahitaji mtu apande ngazi kila mwezi wakati wa mvua.

Viungo: mdomo mpana uangalie juu

Kosa la kiungo kilichogeuzwa ndilo linaloozesha kuta nyingi, na ni la fundi, si la mvua. Bomba la juu lazima liingie ndani ya bomba la chini. Soketi, yaani ule mdomo mpana, iangalie mbinguni. Ikigeuzwa, maji yanayotambaa kwenye kuta za ndani za bomba hukuta ukingo na kutoka nje kupitia kiungo, tena upande wa ukutani ambako huyaoni. Watu hujaribu kuliziba kwa silikoni. Silikoni haishiki vizuri kwenye PVC, plastiki ngumu ya mabomba haya, iliyochakaa na yenye vumbi, na msimu mmoja ukipita inabanduka. Dawa ni kulishusha bomba na kuligeuza.

Viungo vya wima visigundishwe. PVC hutanuka kwa joto, na bomba la mita 6 likipanda nyuzi 30 kutoka alfajiri hadi saa nane mchana linaongezeka kama sentimita 1. Lisipopata pa kwenda, linapinda au linang'oa klipu. Sukuma bomba hadi mwisho wa soketi, weka alama ya penseli, kisha livute nje milimita 10 na kulifunga hapo. Gundi iwe kwenye elbo za juu tu, zile zinazotoka kwenye gata kurudi ukutani, kwa kuwa hapo maji hupita kwa ulalo na kiungo kikavu kinaweza kuvuja. Hapo napo tumia elbo mbili za nyuzi 45, zisiwe za nyuzi 90. Pembe kali hupunguza kasi ya maji na kukusanya majani.

Kabla ya kugundisha, ondoa vinyweleo vya plastiki vilivyobaki baada ya msumeno, ndani na nje. Kinyweleo kimoja hushika jani la kwanza, na jani hilo hushika mengine. Kwaruza kwa msasa, futa vumbi, paka gundi ya PVC pande zote mbili, ingiza huku ukizungusha robo mzunguko, na ushikilie nusu dakika. Kiache kiungo masaa kadhaa kabla ya kupitisha maji.

Bomba lenye ufa

Ufa mfupi hauhitaji bomba jipya. Kata kipande cha sentimita 20 kutoka kwenye bomba la ukubwa uleule, likate kwa urefu upande mmoja ili lifunguke, kisha lichovye kwenye maji ya moto sana hadi lilegee. Lichukue kwa glavu au koleo. Usilichome kwenye moto wa mkaa kama wengi wanavyofanya, kwa sababu PVC ikiungua hutoa hewa yenye asidi inayoumiza mapafu. Kwaruza pande zote mbili kwa msasa, paka gundi kwa wingi, visha kipande juu ya ufa huku mwanya wake ukiwa upande wa pili, na kaza kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Siku ya pili ondoa ukanda.

Ufa unaozidi urefu wa kiganja, au bomba lililogeuka kama chaki ukilipitisha kidole, litakupasukia tena mahali pengine. Jua limekwisha kulila. Badilisha, na jipya lipake rangi ya maji isiyokolea, baada ya kulikwaruza kidogo. Rangi nyeupe au ya krimu hulikinga na jua na kulipunguzia joto.

Mabomba ya bati yana ugonjwa wao. Kutu huanzia kwenye mshono, na mafundi hupenda kuuficha mshono nyuma kwa ajili ya sura. Uwekwe ubavuni, ili siku ukivuja uuone kabla ukuta haujajua. Karibu na bahari tumia skrubu za chuma cha pua. Za kawaida hupasua hata plasta zinapovimba kwa kutu.

Klipu

Weka klipu chini ya kila soketi, na nyingine kila mita 1.8 au chini ya hapo. Iliyo chini ya soketi ibane, za katikati ziache bomba lipande na kushuka. Bomba likae angalau sentimita 2 kutoka ukutani, ili ukuta upate hewa na brashi ya rangi ipite nyuma. Kwenye tofali za simenti toboa milimita 8, weka plagi ya ukutani, na skrubu ya milimita 50. Skrubu ifike kwenye tofali, isiishie kwenye plasta. Misumari ya simenti iliyopigwa moja kwa moja hupasua tofali na kulegea.

Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, za Mji Mkongwe, Lamu na mitaa ya kale ya Mombasa, zinataka uangalifu wa pekee. Jiwe lile ni laini na hunywa maji kama sifongo, na ncha za boriti zimezikwa ndani yake. Bomba likivuja hapo kwa misimu michache, boriti huoza ndani huku nje huoni kitu. Likae sentimita 5 kutoka ukutani, klipu ziwe na mkia mrefu uliozikwa kwa chokaa, na baada ya kutengeneza uvujaji acha ukuta ukauke kiangazi kizima kabla ya plasta. Plasta iwe ya chokaa. Ya simenti hufungia unyevu ndani, na boriti zinaendelea kuoza.

Maji yakifika chini yaende wapi

Bomba zuri linalomwaga maji kwenye msingi limefanya nusu ya kazi. Mdomo wa chini uwe sentimita 15 hivi juu ya ardhi, juu ya sakafu ya zege au mfereji unaoyapeleka maji mita 1.5 au zaidi kutoka ukutani, ukishuka sentimita 2 kwa kila mita. Kwenye mchanga wa pwani, maji yasiyoelekezwa huchimba chini ya msingi. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi, ni balaa zaidi. Udongo huo huvimba upande uliolowa tu, na nyufa za mshazari hutokea kwenye pembe za madirisha.

Tafadhali usiunganishe bomba hili na chemba ya choo au shimo la maji taka. Inafanywa kwenye nyumba nyingi za mjini kwa kuwa chemba iko karibu. Zile lita 3,000 zikiingia shimoni kwa saa chache, kinachofurika uani ni maji ya choo, na watoto ndio wa kwanza kuyakanyaga.

Kama bomba ni safi, limekaa sawa, na gata bado inafurika, ni dogo. Kipimo cha haraka ni sentimita 1 ya mraba ya tundu kwa mita 1 ya mraba ya paa. Bomba la inchi 3 linatosha mita za mraba 40 hivi, la inchi 4 kama 80. Kuongeza bomba la pili upande wa pili wa gata huwa bora kuliko kunenepesha moja, kwani nayo gata inapumua.

Pwani, safisha katikati ya Februari kabla ya masika, mara moja katikati ya mvua, na Septemba kabla ya vuli. Gata iliyotuama hata wiki moja au mbili inatosha kukuza mbu wa homa ya dengu, na Dar es Salaam imeshaona milipuko yake mwaka 2014 na 2019. Ngazi iegemee ukutani, kamwe si kwenye gata. Kwa kila mita 4 za kimo, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani. Mtu mmoja aishike, na kabla ya kuisimamisha angalia waya wa umeme unaoingia nyumbani unapita wapi, hasa kama ngazi ni ya chuma.