"Mwili utazoea": jibu kwa mwalimu wa Uyole

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbeya, naishi Uyole na mume wangu na watoto wawili, mmoja yuko darasa la kwanza na mwingine la nne. Mwezi wa tano nilijiunga na kundi la WhatsApp la mhamasishaji mmoja wa Dar. Tulilipa elfu thelathini tufundishwe "asubuhi ya washindi": kuamka saa kumi kamili alfajiri, kunywa maji ya ndimu, kuoga maji ya baridi, kufanya mazoezi, kusoma kurasa kumi na kuandika malengo. Mwanzoni niliweza. Sasa nasinzia kwenye daladala hadi napitilizwa kituo, nawafokea watoto, na naamka kichwa kinauma. Kwenye kundi wananiambia nivumilie siku 21, mwili utazoea. Usiku nasahihisha madaftari hadi saa tano, ndipo nameza Piriton ili usingizi uje haraka. Nifanyeje niweze kudumu na ratiba hii?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usidumu nayo.

Ukilala saa tano ukaamka saa kumi, hizo ni saa tano za usingizi, tena usingizi wa Piriton. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kila usiku. Ndivyo walivyokubaliana madaktari bingwa wa usingizi wa Marekani mwaka 2015. Kwa hiyo kusinzia kwenye daladala na kufokea watoto si udhaifu wa nia. Ndivyo mwili unavyofanya ukinyimwa usingizi.

Sitapoteza muda kwenye ndimu na kurasa kumi. Neno linalonikera ni hilo la "mwili utazoea". Nalisikia kliniki karibu kila wiki, kwa walimu, wauguzi wa zamu za usiku na wanafunzi wa vyuo, na kila anayelisema amelipata kwa mtu anayeuza kitu. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu wazima wenye afya walilala kwa muda wa saa 8, 6 au 4 kila usiku kwa siku 14 mfululizo, huku wakipimwa umakini na kumbukumbu kila siku. Waliolala kwa saa 6 au 4 tu walizidi kushuka siku hadi siku, hadi wakafikia kiwango cha mtu aliyekesha usiku mmoja au hata miwili bila kufumba jicho. Na kinachonitisha zaidi ni kwamba walipoulizwa wanajisikiaje, walijiona wamechoka kidogo tu. Baada ya siku chache hisia ya usingizi iliacha kuongezeka, lakini makosa yaliendelea kuongezeka.

Kwa hiyo kinachozoea ni hisia, ubongo wenyewe hauzoei. Ndiyo maana mhamasishaji anakuapia kwamba yeye amezoea na yuko fiti, na huenda hasemi uongo, kwa sababu hana namna ya kujihisi alivyo. Usingizi unaoukopa alfajiri ni mkopo wa kausha damu: asubuhi unaona umepata saa nzima ya bure, jioni riba inakukuta mbele ya darasa au barabarani, na usiku wa deni haukawii kucha.

Wapo watakaosema babu zetu waliamka saa kumi na moja kwenda shamba na hawakufa. Ni kweli, lakini mwulize bibi yeyote wa Rungwe walikuwa wanalala saa ngapi. Moto ukififia, watu kitandani, na saa tatu usiku kijiji kizima kinakoroma. Hata anayeamka kuswali alfajiri kila siku bila kuchoka, mara nyingi alishalala mapema baada ya isha. Sala siigusi, wala simwambii mtu aache maombi yake ya asubuhi. Nasema saa za usingizi zihesabiwe kuanzia upande wa usiku.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Dar hawezi kukwambia. Saa ya ukutani kwako na kwake inasoma sawasawa, ila sisi tuko magharibi zaidi, na kwetu jua linachelewa kuchomoza kwa zaidi ya dakika 20. Mwezi wa sita na wa saba Mbeya tunaliona karibu saa moja kamili. Kuamka saa kumi ni kuamka muda wa saa tatu kabla ya jua, kwenye baridi, wakati joto la mwili liko karibu na kiwango chake cha chini kabisa na melatonini, homoni ya usiku, bado iko juu. Mwili una saa yake ya ndani inayopanga mambo hayo, na hayo si maneno ya mganga: Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2017 kwa kuonyesha inavyoendeshwa na jeni, na kwa kiasi kikubwa inarekebishwa na mwanga. Ndoo ya maji ya baridi ya mwezi wa saba itakushtua dakika kadhaa, lakini saa ya ndani itabaki palepale. Oga maji ya moto.

Sasa asubuhi yako. Unatakiwa kuwa shuleni saa moja ukiwa wa zamu, kwa hiyo nakadiria unatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Weka kengele moja tu, saa kumi na moja na nusu, na kitandani uwe umeingia saa nne na nusu usiku. Dakika 15 hadi 30 za kwanza kichwa kitakuwa kizito hata ukilala vizuri. Hali hiyo ni ya kawaida, usiipe jina la uvivu, na usipange ndani yake jambo la kufikiri. Weka kazi za mikono tu. Maana yake malengo na andalio la somo havina nafasi hapo.

Mwizi mkubwa wa asubuhi za huku ni mkaa. Mkaa ulioshika unyevu unakuchukua nusu saa ya kupepea na kukohoa kabla maji hayajaanza kusikika. Kama una mtungi mdogo wa gesi, uutunzie asubuhi, na maharage ya jioni yaive kwa mkaa. Kama huna, chemsha maji usiku na ujaze chupa mbili za chai. Alfajiri yatakuwa bado ya moto vya kutosha kunawia, na uji wa ulezi hautaanzia kwenye maji ya barafu. Watoto waogeshwe jioni, asubuhi uso, shingo, mikono na miguu inatosha. Najua kuna mama atanikasirikia hapa. Lakini watoto wa umri wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, kwa hiyo wako wakiamshwa saa kumi na mbili kasorobo, saa tatu kasorobo usiku wawe wameshalala, na kila dakika unayowapunguzia bafuni alfajiri wanailipwa kwa usingizi. Sare zipigwe pasi usiku. Mumeo, ambaye kwenye swali umemtaja mara moja tu, ana mikono miwili ya kushika pasi.

Kisha madaftari. Hapo ndipo asubuhi yako inapoharibikia, na mhamasishaji hakukuuliza hata mara moja. Yasahihishe shuleni kwenye vipindi ambavyo huna darasa. Maswali ya kuchagua jibu wanafunzi wabadilishane na kusahihishiana mbele yako. Yanayobaki yana mwisho wake saa tatu na nusu usiku, yaishe yasiishe. Chai nayo iwe na mwisho mchana: kwa mtu mzima, nusu ya kafeini uliyokunywa bado iko mwilini baada ya takriban saa 5, na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango muda huo unaweza kukaribia kuwa maradufu. Kikombe cha chai ya rangi iliyokolea cha saa kumi na mbili jioni kinaweza kuwa ndicho kilichokupeleka kwenye Piriton. Na jua likitoka, simama nje mstarini pamoja na wanafunzi wako; mwanga huo unarekebisha saa ya ndani bila malipo ya elfu thelathini.

Hizo siku 21 zina historia ya ajabu. Zinatokana na Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, ambaye mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya kwenye kioo. Wauza semina wakalifuta neno "angalau" na kuondoa habari ya kioo. Utafiti wa University College London uliochapishwa 2010 uliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia mpya: wastani ulikuwa siku 66, wengine 18 tu, na makadirio kwa wengine yalifika 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo siku ya mvua, au siku mtoto amekesha na homa, lala. Keshoyake endelea.

Turudi kwenye Piriton, na hapa nasema na wengine wengi kuliko mwalimu. Piriton ni dawa ya mzio. Usingizi unaoletwa nayo ni athari ya pembeni, na dawa yenyewe hukaa mwilini hadi kesho yake. Uzito unaouhisi kwenye daladala, sehemu yake ni dawa ya jana usiku. Wengine wananunua diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, dukani bila cheti cha daktari, halafu baada ya miezi hawawezi kulala bila hiyo. Iringa kuna wanaotegemea ulanzi, ile pombe ya mianzi: unakulaza haraka kweli, kisha unakuvunjia nusu ya pili ya usiku. Ukichanganya pombe na diazepamu, upumuaji unaweza kuzama usiamke. Na dereva wa lori anayeshuka mlima Kitonga au anayeelekea Tunduma huku akishindilia chupa za eneji, ajue kwamba kafeini inaficha usingizi tu. Usingizi ukimzidi, macho yanafunga sekunde chache bila yeye kujua, na sekunde hizo zinatosha kabisa kwenye kona.

Kichwa kuuma asubuhi kinaweza kuwa uchovu tu, ila msimu huu wa baridi swali langu la kwanza kwa kila mtu ni jiko la mkaa linalala wapi. Mkaa unaowaka chumbani hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Mkiamka wote nyumbani mnaumwa kichwa na mna kichefuchefu, kisha mkitoka nje mnapata nafuu, jiko litoke leo, na nyote mwende hospitali leo hiihii. Si kufungua dirisha kidogo.

Ukilala kwa muda wa saa 7 kila usiku kwa wiki tatu nne na bado unaamka umechoka, au mumeo anasema unakoroma na kukata pumzi, au unaamka saa tisa usiku moyo umekuwa mzito na usingizi haurudi, hapo ratiba haihusiki tena. Inaweza kuwa upungufu wa damu, inaweza kuwa sonona, inaweza kuwa njia ya hewa inayoziba usingizini, na yote yanapimika na kutibika. Njoo na vidonge vyote unavyomeza, pamoja na hiyo chupa ya "virutubisho vya ubongo" ambayo najua kundini kwenu kuna mtu anaiuza.