Maswali yenu kuhusu ROTC, mafunzo ya uofisa vyuoni Marekani

Mwanangu, kijana wangu anasoma uhandisi hapa Columbus, Ohio, lakini siku nyingine anaingia darasani na magwanda ya jeshi. Ananiambia yeye ni mwanafunzi tu. Ananificha?

Shikamoo mama. Muulize jambo moja: ameshasaini mkataba? ROTC ya jeshi la nchi kavu huendeshwa ndani ya chuo. Anasoma shahada yake kama wenzake, alfajiri anakimbia, katikati ya wiki ana somo la uongozi na mbinu za vita, na kiangazi kabla ya mwaka wa nne anakwenda kambini Fort Knox, Kentucky. Asiye na ufadhili anaweza kuonja miaka miwili ya kwanza akajitoa bila deni. Akishasaini, jeshi linamdai miaka 8, ya kazini na ya jeshi la akiba ikijumlishwa.

Kaka, West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani, ilikuwepo tangu 1802. Ya nini tena kufundisha maofisa vyuoni?

Anza na Kapteni Alden Partridge. Aliwahi kuwa mkuu wa West Point, akagombana na wakubwa, akafikishwa mahakama ya kijeshi, akaacha jeshi. Mwaka 1819 akafungua chuo chake Vermont, ndicho Norwich University ya leo. Hoja yake ilikuwa kwamba ulinzi wa jamhuri usiachiwe watu wachache waliotoka shule moja. Raia msomi naye ajue kuongoza askari.

Serikali ilichelewa kumsikia. Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto na maofisa wengi wa West Point wakiwa wamekimbilia upande wa waasi wa Kusini, Lincoln alisaini Sheria ya Morrill. Majimbo yalipewa ardhi ya kuanzishia vyuo vya kilimo na ufundi, kwa sharti kwamba mbinu za kijeshi nazo zifundishwe. Ila sheria haikueleza zifundishwe vipi, na vyuo vingi vikaishia kwenye kwata. Ni mwaka 1916, Ulaya ikiungua, ndipo Rais Wilson aliposaini sheria iliyounda ROTC yenyewe. Jeshi la majini lilipata yake mwaka 1926.

Na hoja ya Partridge ilizaa matunda: Colin Powell, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika, alisoma jiolojia City College ya New York, akapata kamisheni, yaani cheo cha uofisa, kupitia ROTC mwaka 1958, na mwaka 1989 akawa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi.

Chuoni bosi ni nani, jeshi au mkuu wa chuo?

Wote wawili, na hapo ndipo penye utamu. Mara nyingi kikosi huongozwa na luteni kanali, na sheria inataka chuo kimpe hadhi ya profesa, awe na PhD au asiwe nayo. Wahadhiri waliosota na tasnifu zao hawakulipenda hilo hata kidogo. Wakati wa vita vya Vietnam, Harvard iliyafutia masomo hayo hadhi ya kitaaluma, na ROTC ikaondoka. Ya jeshi la majini ilirudi 2011. Kamandi ya jeshi la nchi kavu ya kusimamia makadeti, yaani wanafunzi wa ROTC, nchi nzima iliundwa 1986. Lakini shughuli za kila siku huendeshwa na makadeti wa mwaka wa nne: wanapanga mazoezi, wanagawa vyeo, na sajini mzoefu anawatazama pembeni wakijikwaa.

Ni kama JKT, Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania, basi?

Hapana. JKT inapokea vijana wa kila aina; kamisheni Tanzania ni habari ya chuo cha kijeshi cha Monduli, Kenya ni cha Lanet.

Dada yangu mdogo anatunukiwa uluteni usu. Kwa nini ametafuta sarafu ya dola ya madini ya fedha?

Askari wa kwanza asiye ofisa atakayempigia saluti ndiye atakayepewa hiyo sarafu wanapopeana mkono. Ni mila tu, kanuni haimlazimishi. Wengi humchagua sajini aliyewafundisha, kwa hiyo usishangae mkipitwa na askari wengine hapo nje naye akiwakwepa mpaka ampate wake.